Vipande Mia Tisa na Sitini

Orodha ilikuwa na vitu kumi na vinne, na Bi Zuhura aliisoma yote kwa sauti, amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo katika nyumba ya Hajra. Sufuria saizi tatu. Vikombe seti moja. Jaba la maji, lenye mfuniko wake. Mapazia ya madirisha mawili. Kila akimaliza kitu anamtazama Hajra juu ya miwani, na Hajra anajibu, "Kipo," au, "Kitakuwepo."

Ndiyo desturi yenyewe. Vyombo vya bibi harusi hupelekwa kwa mume kwa vigelegele, vikafunguliwa kimoja kimoja mbele ya wanawake wa upande wa pili. Kitakachokosekana kitasemwa mpaka mtoto wa ndoa hiyo aote ndevu.

"Cha kumi na nne," akasema Bi Zuhura, shangazi yake bwana harusi, "tandiko la kitanda. Sita kwa sita. La dukani."

Macho yake yakaiendea cherehani ya kukanyaga iliyosimama dirishani, imefunikwa upande wa kanga.

"Nisamehe mwenzangu, nasema wazi tusije tukalaumiana. Lisiwe la cherehani ya nyumbani. Ashrafu ni mtu wa ofisi, ana wageni wake. Usije ukamshonea kitu kama hizo kaptula za shule."

Hajra alikuwa na miaka ishirini kwenye cherehani ile. Nusu ya watoto wa Mlingotini walikuwa wamekalia kaptula zake, na walimu wao wakiwa wadogo walikalia za kwanza kwanza. Aliinua birika akamwongeza mgeni chai.

"Nimesikia, Bi Zuhura. Andika hapo: tandiko."

"La dukani."

"Andika tandiko."

Bi Zuhura akaandika. Aliandika na yale maneno mawili aliyokatazwa, tena akayapigia mstari chini, Hajra akiona. Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Vyombo vingekwenda Bagamoyo mjini Alhamisi, siku moja kabla. Siku tisa.

Ally alirudi kutoka kwenye mashamba ya chumvi jioni hiyo, mikono imepasuka kama kawaida yake, akasikiliza habari yote huku akinawa. Alikuwa mtu mpole, tena mpole kwa kila mtu, na hilo ndilo lililokuwa likimuudhi mkewe.

"Hilo la dukani linakwenda laki na nusu," akasema. "Nimwombe mzee wa chumvi anitangulizie mshahara?"

"Ukishatangulizwa, tule nini? Chumvi?"

"Sasa tufanyeje, Mama Arafa? Watu wameshasema wanachotaka."

"Na mimi nimeshasema nitakachopeleka."

Aliingia chumbani, akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda kitu kizito kilichofungwa kwa gunia. Ndani mlikuwa na jora zima la buluu iliyoiva na yadi saba za nyeupe. Shule moja ya binafsi ya njia ya kwenda Chalinze ilikuwa imempa kazi ya sare, akaenda Kariakoo kwa akiba yake kununua kitambaa, aliporudi akakuta wameshabadili rangi kuwa damu ya mzee. Hakuna aliyemwambia pole. Kitambaa kikakaa chini ya kitanda mwaka na nusu, na kila alipofagia alikuwa akikigonga kwa ufagio.

"Mama," akasema Arafa, mwari mwenyewe, amesimama mlangoni, "sare?"

"Nguo ni nguo. Mpaka mtu aivae shuleni ndipo inakuwa sare." Akaonyesha ukutani, ulipoangikwa mkeka wa rangi aliouacha marehemu mama yake. "Tazama ule. Umeuona miaka yote, hebu leo utazame."

Arafa akautazama. Mkeka ulikuwa miraba midogo midogo, na kila mraba umegawanywa kona kwa kona, nusu nyeusi, nusu rangi ya ukili mtupu. Basi, hakuna zaidi. Lakini kwa vile mmoja umegeuzwa huku na wa pili umegeuzwa kule, hapa ulikuwa nyota, pale ngazi, pale tena mawimbi.

"Pembetatu mbili zikishonwa zinafanya mraba," akasema Hajra. "Miraba ikishonwa inafanya tandiko. Wewe uliyesoma, nihesabie. Mraba wa inchi nne. Tandiko futi nane kwa nane, lishuke pembeni."

Arafa alikuwa mwepesi wa hesabu tangu mtoto. "Ishirini na nne kwa ishirini na nne. Mia tano sabini na sita."

Ally akafuta mikono taratibu.

"Na siku tisa," akasema.

"Nane," akasema Hajra. "Leo imeshakwisha."

*

Jumatano alianza baada ya chai ya asubuhi. Alikata pembetatu za buluu, akakata za nyeupe, akazishona mbili mbili kwenye ule upande mrefu wa mshazari. Sasa, kitambaa kilichokatwa mshazari hakina adabu. Ukikigusa kinavutika, ukikivuta hakirudi. Kila kipande kilitoka na umbo lake: kimoja kimevimba tumbo, kingine kimepinda shingo. Akafumua, akashona upya. Mpaka adhana ya alasiri alikuwa na vipande ishirini na viwili, na miguu imekufa ganzi kwa kukanyaga.

Dija alipita na beseni lake la sambusa kichwani. Nyumba yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na ya Hajra, na hakuwa na tabia ya kubisha hodi.

"Hii nini, shoga? Unashona vitambaa vya kufutia miwani?"

"Tandiko la Arafa."

Dija akatua beseni, akaokota kipande, akakinyanyua kwenye mwanga. "Huyu mbona mjamzito?" Akaokota kingine. "Na huyu kapigwa na nani?" Akavihesabu kwa kidole. "Viko ishirini na viwili. Vinatakiwa vingapi?"

Hajra akamwambia.

"Kwa mwendo huu," akasema Dija, "tandiko utampa mjukuu wako akiolewa. Na aolewe akiwa mtu mzima."

Hajra alicheka, maana Dija usipocheka naye utalia. Lakini alipoondoka alivigeuza vile vipande, akaona alivyosema ni kweli. Kitu kilichopinda namna ile kikipelekwa mbele ya Bi Zuhura, kingemthibitishia kila neno lake. Na wa kulipa angekuwa Arafa, ambaye angeishi miongoni mwa watu wale, akipita uani na kusikia watu wananyamaza.

Kesho yake asubuhi pasi ilimwishia mkaa, akaenda kwa Dija kuomba. Dija alikuwa uani anapika manda za sambusa. Alisukuma donge, akalipaka mafuta, akalinyunyizia unga, akaweka donge la pili juu yake, la tatu, la nne, akayasukuma yote pamoja yakawa kama chapati moja pana. Akaitupa juu ya kikaango. Ilipoiva akaikata kwa kisu mara moja huku, mara moja kule, kisha akaanza kubandua: manda moja, manda nyingine, laini, zote zinalingana.

Hajra alisimama na kipande cha bati alichokuja nacho kubebea mkaa.

"Dija. Kwa nini hukati kwanza, ukachoma kimoja kimoja?"

"Nina wazimu? Vipande vidogo vile vitajikunja vyote jikoni. Unachoma likiwa zima, limetulia. Unakata mwisho. Ndipo unabandua." Dija akainua uso. "Mama Arafa? Vipi, mbona umesimama kama umeona jini?"

Hajra alikuwa ameshageuka anakimbia, mkaa haukuchukuliwa.

Alikata mraba mmoja wa buluu na mmoja wa nyeupe, mizima, akaiweka uso kwa uso. Akapiga mstari wa chaki kona kwa kona. Hakukata. Akashona upande huu wa mstari, upana wa kile kiguu cha cherehani kinachobana nguo, akageuza akashona upande ule. Kitambaa kilitulia chini ya sindano kama mtoto aliyeshiba, maana kilikuwa bado kizima. Ndipo akachukua mkasi akakata juu ya ule mstari, katikati ya mishono miwili. Akafungua. Alikuwa na miraba miwili mkononi, kila mmoja nusu buluu nusu nyeupe, imenyooka kama imetoka kiwandani.

"Arafa!"

Arafa akaja mbio, usoni amepakwa liwa ya mwari, akadhani mama kajichoma sindano.

"Viwili kwa mpigo," akasema Hajra. "Kama manda za Dija, unakata mwisho."

Arafa akavigeuza. Akafikiri kidogo, akauma mdomo. "Mama, Dija anakata manda mara ngapi?"

"Mara mbili. Msalaba."

"Basi tufanye mraba mkubwa zaidi. Piga mistari miwili, kona kwa kona na kona kwa kona. Shona pande zote za mistari yote miwili. Halafu kata msalaba katikati, kisha ndipo ukate juu ya ile mistari ya chaki."

Walifanya. Mkasi ulipomaliza, mezani palikuwa na vipande vinane. Hajra alivipanga kimoja baada ya kingine, akavihesabu kwa kuvigusa, akarudia.

"Sabini na miwili," akasema Arafa. "Tukishona miraba sabini na miwili, vipande mia tano sabini na sita vimetimia."

Huko ukutani kwa upande wa pili, sauti ya Dija ikapaa: "Mkaa wako huu hapa, au umeshajifunza kupiga pasi kwa macho?"

*

Siku ile, Ijumaa na Jumamosi nzima cherehani haikupumzika ila kwa sala. Hajra hakukata uzi kati ya mraba na mraba, aliuingiza wa pili kabla wa kwanza haujatoka vizuri, ikateremka nyuma ya cherehani imeshikana kama mtungo wa samaki. Arafa alipiga chaki. Yule somo wake, mwanamke aliyepewa kazi ya kumfunda, alikuja kumpaka singo ya kulainisha ngozi akamkuta na vidole vya buluu mpaka kwenye kifundo.

"Mwari gani huyu?" akauliza.

"Mwari wa chaki," akajibu Dija, aliyekuwa amekaa mkekani na mkasi. Alikuwa ameacha kuuza sambusa siku mbili, na hakutaka kuulizwa.

Jumapili waliunga mstari wa kwanza, vipande ishirini na vinne, wakautandaza juu ya kitanda cha Hajra na Ally, ambacho kilikuwa sita kwa sita kama kile cha Bagamoyo. Ally, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, ndiye aliyeona mwanzo.

"Mbona kama umefuliwa ukaruka?"

Mstari ulianzia ukingo mmoja wa godoro na kuishia ukingo wa pili, basi. Ulining'inia upana wa vidole vitatu. Ungefunika godoro juu kama kilemba, na pembeni kote kungebaki wazi.

Hajra alichukua futi ya kamba akapima kipande kimoja. Inchi tatu na kitu. Akapima kingine. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

Alikuwa amefanya hesabu ya furaha: mraba mdogo inchi nne, mara mbili, mraba mkubwa inchi nane. Akakata yote, ya buluu na ya nyeupe, nane kwa nane, bila kuuachia mshono chakula chake. Na mshono hula. Hula mara ya kwanza unaposhona mshazari, hula tena unapounga kipande na kipande. Kwenye kaptula mkono wake ulikuwa ukiacha nafasi wenyewe, bila yeye kuuambia. Miaka ishirini hajawahi kukata fupi nguo ya mtoto wa mtu. Ya mwanawe ndiyo aliyoikata fupi.

"Basi," akasema Ally kwa upole wake ule. "Si kosa. Kesho nitamwona mzee wa chumvi. Bado siku nne, la dukani tutalipata."

"Usimwone mtu."

"Mama Arafa, ukweli—"

"Ukweli ni kwamba bado siku nne na nyeupe yadi tatu na nusu." Akasimama. "Arafa. Vipande hivi hivi, vidogo hivi hivi, vikiwa vingapi litashuka pembeni?"

Arafa alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, anaandika hesabu kwa chaki juu ya saruji. Akafuta, akaandika tena.

"Thelathini kwa thelathini na viwili. Mia tisa na sitini. Tunavyo mia tano sabini na sita, vimebaki mia tatu themanini na vinne." Midomo ikamchezacheza. "Kwa vinane vinane, ni miraba arobaini na minane tu, mama."

"Tu!" akasema Dija. "Sikilizeni mtoto huyu. Tu!"

Lakini alikuwa ameshachukua mkasi.

Nyeupe ilitosha, ikabaki kipande cha kufungia kidonda. Tatizo likawa pasi. Vipande mia tisa na sitini vinatakiwa kufunguliwa na kupigwa pasi kimoja kimoja, na mikono ya wanawake watatu ilikuwa imejaa. Jumatatu Ally hakwenda chumvini. Alijifunga shuka, akaipepea pasi ya mkaa barazani, akaanza. Vidole vyake vilivyopasuka vilikuwa vikinasa kitambaa, akavizungushia vitambaa vya chachi, akaendelea, taratibu, kama mtu anayepanga mayai.

Wanaume waliokuwa wakipita kwenda msikitini wakasimama.

"Ally! Umeolewa lini?"

"Namwoza mwanangu," akasema Ally bila kuinua uso. "Upisheni upepo upite."

Hajra alisikia kutoka ndani. Kwa mara ya kwanza tangu Bi Zuhura aondoke, mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio, akabaki ameshika gurudumu la cherehani, anatazama mgongo wa mumewe mlangoni. Kisha akaendelea.

Jumatano jioni waliweka bitana kwa shuka mbili nyeupe kuukuu, wakakunja pindo. Arafa alilishika tandiko kwenye mapaja, akapitisha kiganja juu ya nyota na ngazi.

"Mama. Hawa watasema."

"Watasema."

"Basi nakuambia neno moja, usinione sina adabu. Hili nimelipiga chaki mimi, kila mstari. Wakilikataa hili, wamenikataa mimi. Usinipeleke."

Hajra akalikunja tandiko, akalifunga ndani ya kanga.

*

Kirikuu iliyokodiwa, kigari kidogo cha mizigo, ilifika Bagamoyo Alhamisi baada ya alasiri, nyuma wanawake sita wameketi juu ya magunia na masufuria, wanaimba mpaka sauti zimekwaruza. Ally alikaa mbele na dereva. Nyumba ya Ashrafu ilikuwa mtaa wa Magomeni, huko huko Bagamoyo, mpya, bado inanuka rangi. Bi Zuhura alikuwa amesimama barazani na orodha mkononi na kalamu sikioni.

"Shikamoo, Bi Zuhura," akasema Hajra.

"Marahaba. Karibuni, karibuni, hamjambo na vumbi?"

Vitu viliingizwa. Sufuria, akapiga tiki. Vikombe, akavigeuza chini kutafuta ufa, akapiga tiki. Jaba, mfuniko upo, tiki. Wanawake wa upande wa mume walikuwa wamejaa sebuleni, kila kitu wanakigusa. Mpaka cha kumi na tatu hapakuwa na neno.

"Cha mwisho chumbani," akasema Bi Zuhura, akafungua mlango.

Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Duveti la waridi, linang'aa, maua makubwa kama sinia, foronya mbili na tepe zake, na pembeni kibandiko cha duka bado kinaning'inia.

"Nilijua mna mambo mengi," akasema Bi Zuhura, na sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Nikaona nisiwatie aibu mbele za watu. Nikanunua mwenyewe. Hamna deni kwangu, ni zawadi."

Wanawake wakaitikia, "Mashaallah," na macho yote yakamgeukia Hajra kuona atashukuru vipi. Angelipigwa kofi asingeliumia hivyo. Kofi mtu hurudisha.

"Ahsante kwa moyo wako, Bi Zuhura," akasema. "Sasa liondoe."

"Unasemaje?"

"Kitanda cha binti yangu anakitandika mama yake. Dija, shika huku."

Dija alilikunja duveti kwa mikunjo mitatu, kwa heshima zote, akamkabidhi mwanamke aliyekuwa karibu kama mtu anayempa mtoto. Hajra akafungua kanga. Tandiko lilipanda hewani mara moja, likashuka, likafunika kitanda na kushuka pembeni kote mpaka karibu na sakafu. Buluu na nyeupe. Ukilitazama huku nyota, ukigeuza kichwa ngazi.

Mwanamke mmoja mnene, wa upande wa mume, akaangua kicheko. "Jamani, si sare ya shule hii! Bwana harusi atalala, au atasimama mstarini?"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko.

"Atalala, mwanangu," akasema Dija, "na jina lake litaitwa kila usiku. Asipoitika tutamwandikia mzazi wake barua."

Sasa kicheko kiligeuka. Kilikuwa kingine kabisa. Yule mnene mwenyewe alishika mbavu, akaketi chini, akafuta machozi kwa kanga. Bi Zuhura peke yake ndiye hakucheka.

"Utani ukishakwisha," akasema, "hilo likunjwe liwekwe sandukuni. Orodha ilisema la dukani. Niliandika, ukaniona naandika."

"Nilikuona," akasema Hajra. "Na mimi nakuambia mbele ya hawa. Likikunjwa hili, vyombo vinarudi vyote, na sufuria, na jaba. Na mwenye vyombo haji kesho."

Hapo hakuna aliyecheka. Bi Zuhura alimtazama kama haamini masikio yake, kisha akaenda dirishani, akasukuma pazia. Nje kirikuu ilikuwa imesimama, dereva amekwenda kununua maji, ufunguo kauacha garini, na Ally yuko kando ya mlango wa mbele.

"Bwana Ally! Njoo umwambie mkeo. Anataka kuvunja harusi kwa ajili ya tambara!"

Ally alisogea mpaka chini ya dirisha. Vidole vyake bado vilikuwa na chachi. Aliwaona wanawake, akamwona Bi Zuhura, akamtafuta mkewe kwa macho mpaka akampata.

"Shikamoo, Bi Zuhura," akasema. "Tambara hilo nimelipiga pasi mimi." Kisha akamgeukia Hajra. "Mama Arafa, niwashe gari?"

"Washa."

Ally hakujua kuendesha, lakini ufunguo kuuzungusha aliweza. Injini ikakohoa, ikashika, na ngurumo yake ikaingia chumbani ikatikisa kioo cha dirisha. Wale wanawake wa Mlingotini, bila kuambiwa, mmoja akaokota sufuria, wa pili akaokota vikombe.

Bi Zuhura alibaki amesimama. Alikuwa mtu wa kujua hesabu ya mambo: ubani ulikuwa umeshanunuliwa, ng'ombe amefungwa uani, shekhe ameambiwa, mtaa mzima umealikwa. Akalisogelea tandiko. Alishika ncha yake akaivuta kwenye mwanga, akavaa miwani vizuri, akaanza kutafuta kosa. Alipitisha ukucha pale pembe zinapokutana, nne nne, zikikutana nchani. Akasogea hatua moja, akapitisha tena. Akazunguka kitanda mpaka upande wa pili. Aligeuza akatazama chini, akarudisha.

"Vipande vingapi?" akauliza, bila kuinua uso.

"Mia tisa na sitini."

"Kwa siku tisa?"

"Nane."

"Umeshonesha wapi?"

"Cherehani ya nyumbani."

Injini iliendelea kunguruma. Bi Zuhura aliachia ile ncha, akailaza mahali pake, na kiganja chake kikapita juu ya kitambaa mara moja kukinyoosha. Pengine hakukusudia.

"Mwambieni huyo bwana azime gari," akasema. "Anatujazia moshi."

Mtu akapiga ukelele dirishani, "Zima!" Gari halikuzimwa. Ally alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mkono kwenye ufunguo, anatazama dirishani, anangoja.

Bi Zuhura alikuwa ameikunja orodha, anaitia kwenye mkoba.

"Bado cha kumi na nne," akasema Hajra, akanyoosha mkono.

Walitazamana. Orodha ikatoka mkobani polepole. Kalamu Bi Zuhura hakuitoa, na Hajra hakuiomba. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa kipande cha chaki ya buluu ya fundi, kilichobaki ukubwa wa jino. Aliiweka karatasi juu ya tandiko, akayapiga mstari yale maneno mawili yaliyokuwa yamepigiwa mstari chini, mpaka hayakusomeka. Kisha pembeni akaweka tiki, kubwa kuliko zote.

Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mkubwa wake. Ndipo akageukia dirisha.

"Zima, Baba Arafa."